Eda ya Bibi wa Uani

Katika familia yetu hakuna aliyewahi kumuuliza Bibi wa Uani kwa nini hakanyagi pwani. Nyumba yake na dada yake iko juu ya kilima kifupi, kaskazini ya Mchinga, na maji yakijaa husikika kutoka jikoni. Mtoto aliyetumwa chumvi kwa jirani aliikaribia bahari zaidi kuliko alivyoikaribia yeye katika miaka yote niliyomfahamu. Lakini tulikuwa tumezoea. Kuna watu hawali pweza, kuna watu hawawezi kulala chali, na kuna Bibi wa Uani, haendi pwani. Tuliliweka jambo lake katika fungu hilo, tukaendelea na chakula.

Walikuwa wawili, dada na mdogo wake, na sisi wajukuu tuliwatofautisha kwa mahali. Mkubwa alikuwa Bibi wa Pwani: mrefu, sauti ya kukwaruza, miguu yenye tope lililokauka mpaka magotini. Mdogo alikuwa Bibi wa Uani: mnene kidogo, mcheshi, mwenye harufu ya moshi na nazi. Bibi aliyemzaa mama yangu alikuwa ndugu yao, naye alifariki kabla sijapata akili, kwa hiyo hao wawili ndio waliokuwa bibi zangu, na kila likizo nilishushwa barabarani na begi langu nikapanda kilima peke yangu. Nilirudi kwao tena mwaka jana, nikiwa mtu mzima, tasnifu yangu ya uzamili imekwama na mimi mwenyewe nimekwama nayo. Nilidhani nakwenda kupumzika mahali ambapo hakuna kinachobadilika. Dhana hiyo ilikuwa sahihi, na ndiyo iliyonitikisa.

Sharti nieleze kazi yao kwanza, kwa sababu bila kazi hiyo hayo mengine hayaeleweki. Walisokota kamba za makumbi. Makumbi ya nazi hufukiwa katika tope la pwani, mahali maji yanapofika na kurudi, yakaoza humo kwa miezi mingi mpaka nyama yake ilegee. Kisha hufukuliwa, hupigwa kwa rungu juu ya gogo, huoshwa, huanikwa. Kinachobaki ni usumba, zile nyuzi za rangi ya kutu ambazo husokotwa. Kufukia na kufukua ilikuwa kazi ya dada. Kupiga na kuanika ilikuwa kazi ya mdogo, uani, ndani ya ua wa makuti. Mgawanyo huo ulionekana wa kawaida kiasi kwamba hata mimi, ambaye kwa tabia huuliza maswali mpaka watu wachoke, sikuuona.

Kusokota walisokota pamoja. Uzi mwembamba mtu anaweza kuusokota peke yake juu ya paja. Kamba nene, ya kufungia chombo au kuwambia kitanda, inataka watu wawili wasimame mbalimbali, kila mmoja akizungusha ncha yake kinyume cha mwenzake, na katikati kamba imekaza. Asiyejua ataiona kazi nyepesi. Ugumu wake ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kuachia. Ukiachia ncha yako, kamba hujirudi yenyewe, hurukaruka na kujikunja chini kama nyoka aliyepigwa, na kazi ya asubuhi nzima huwa fundo. Kwa hiyo walisimama hivyo, siku nenda siku rudi, ua mzima kati yao, wakizungumza kwa kupaza sauti.

"Vuta, wewe!" Bibi wa Pwani alikuwa akisema. "Au umelala?"

"Nimelala na mumeo."

"Mume yupi? Wa kwanza alikimbia, wa pili nilimfukuza."

"Huyohuyo uliyemfukuza. Alikuja kulalamika."

"Mwambie arudishe jembe langu."

Maneno haya niliyasikia tangu utoto, kwa mpangilio uleule, na kila mara walicheka kana kwamba jembe limepotea jana.

Zamani, wanasema, kamba zao zilifuatwa mpaka kilimani. Kisha zikaja kamba za nailoni, zenye rangi ya samawati, zisizooza wala kuchubua mikono, na wavuvi wakahama taratibu bila ugomvi. Wale bibi hawakuacha. Kamba zilisokotwa, zikaviringwa, zikatundikwa kwenye makombamoyo ya paa mpaka dari ikawa kama imefuga kitu. Mara mojamoja jirani alinunua ya kufungia mbuzi, kwa heshima zaidi kuliko kwa haja. Waliishi kwa ugali wa muhogo, kwa kisamvu kilichochemshwa na chumvi tu, na kwa ming'oko, vile viazi vya mwituni, waliyochimba porini nyuma ya nyumba msimu wa njaa. Nyumba ilizungukwa na minazi, na kisamvu hakikuwa na tui. Nazi ziliuzwa, yakabaki makumbi. Sikumbuki kusikia hata mmoja wao akilalamikia hali hiyo, na sikumbuki kuwaona wakishiba siku mbili mfululizo.

Hata hivyo Bibi wa Uani alipika mafuta ya nazi. Nazi zilizovunjika, zisizouzika, alizikuna, akazikamua, akalichemsha tui mpaka likatoa mafuta safi yenye harufu inayomfuata mtu barabarani. Bi harusi wa vijiji vya jirani alipakwa mafuta yake. Alinipaka mimi miguuni kila jioni, akinisugua visigino huku akiniambia kwamba mwanamke mwenye visigino vikavu hata njia inamkataa. Mikono iliyonipaka ilikuwa imepasuka. Ngozi yake ilikuwa kavu, ya kijivu, na mipasuko ya vidole ilikuwa na usumba ndani yake. Aliyapika, akayagawa, akaosha sufuria kwa majivu ili hata tone lisimbakie mikononi.

Niliwahi kumuuliza mbona hajipaki. Nilikuwa mdogo, swali lilitoka bila nia.

"Mimi bado," alisema.

Nilielewa kwamba bado hajaoga.

Mavazi yake pia yalikuwa hivyo. Dada yake alivaa kanga kama wanawake wengine, zilizochakaa lakini za maua, zenye maneno. Yeye alivaa marekani nyeupe, ile nguo nzito isiyo na nakshi, na kwa kuwa alishinda kwenye makumbi, weupe wake ulikuwa umegeuka rangi ya kutu. Ikichanika aliishona. Ikishindikana, alinunuliwa nyingine kama hiyo. Manukato hakuyagusa. Harusini hakwenda, ingawa hakuna aliyezipenda harusi kuliko yeye. Ngoma ikipigwa kijiji cha pili, alilipiga kumbi kwa mapigo ya ngoma ile, mabega yakimcheza, na kesho yake aliniketisha nimweleze bi harusi alivaa nini, mama mkwe alinuna kiasi gani, nani alikula akabeba. Kisimani alikwenda, shambani nyuma ya nyumba alikwenda, kwa sababu hapo palikuwa na dharura. Zaidi ya hapo, hapana. Gari hakupata kulipanda tena tangu lile lililomleta.

Na kila asubuhi, dada yake alipopanda kutoka topeni na kapu kichwani, alimuuliza swali moja.

"Bahari ikoje leo, dada?"

"Ipo."

Basi. Maneno hayo mawili, swali na jibu, yalikuwa kama hodi na karibu. Bibi wa Pwani hakuwa mtu wa maelezo. Lakini hakupata kurudi mikono mitupu. Daima alikuwa na kitu katika pindo la kanga: kombe, jiwe laini, tawi la tumbawe, siku za bahati kaa aliyefungwa miguu. Alikiweka mbele ya mdogo wake bila neno. Makombe hayo Bibi wa Uani aliyapanga chini ya ukuta wa nyumba, safu juu ya safu, mpaka ukuta ukaonekana kama umeota meno. Nilivutiwa sana na upendo huo. Siku hizi nalitafakari neno "upendo" kabla ya kuliandika, kisha naliandika hivyohivyo, kwa sababu sijapata jingine lililo sahihi zaidi.

Mtu pekee aliyeligusa jambo lenyewe alikuwa mtani wetu. Huyu ni mzee wa Kimakonde, fundi wa kuezeka makuti, na kwa kuwa kati ya watu wake na watu wetu upo utani, alikuwa na ruhusa ya kusema lolote. Alipopita alisimama nje ya ua na kupiga kelele:

"Hodi kwa mfiwa! Poleni na msiba!"

"Msiba wa baba yako!" Bibi wa Uani alimjibu.

"Baba yangu alikwishaoza. Huyu mume wako haozi? Mmemfukia topeni na makumbi?"

"Pita huko, mla panya!"

"Napita. Ukitoka eda nitafute, nitakuoa. Nina meno bado."

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Ni mwaka jana tu, nikiwa nimeketi kibarazani nikijifanya nasoma, nilipomfuata njiani nikamuuliza maana yake. Aliliweka chini fungu lake la makuti.

"We mjukuu umesoma mpaka wapi?"

Nikamwambia.

"Na hukuliona? Mimi nalipigia kelele tangu nina nywele, nyie mnacheka. Bibi yako yumo edani. Aliingia, hakutolewa."

Kwa msomaji asiye wa kwetu niseme hivi. Dini imemwekea mjane miezi minne na siku kumi, zikitimia, amemaliza. Lakini kwa desturi yetu mjane hatoki hivihivi. Hujiwa alfajiri na mawifi zake, yaani dada za marehemu. Wao ndio waliomfiwa pamoja naye, wao ndio wanaomfungulia. Humletea doti mpya ya kanga na udi, humshika mkono, humteremsha pwani, humwogesha maji ya chumvi na kumvika. Nguo aliyokalia eda huachiwa maji yaende nayo. Bibi wa Uani alikuwa ameolewa na mtu wa Sudi, wakapanga chumba Lindi mjini. Mume alipofariki na mwenye nyumba akakitaka chumba chake, mawifi walimleta kilimani kwa dada yake akalie eda hapo, wakaahidi kumfuata. Hiyo ilikuwa kabla mama yangu hajaolewa. Mawifi hawakuja.

Mwalimu wa madrasa alikwishamweleza, tena na tena, kwamba hana deni kwa Mungu. Yeye mwenyewe alinithibitishia. "Nilimwambia, bibi, umemaliza zamani, jipake mafuta, nenda utakako. Unajua alinijibu nini? Eda ya dini nimemaliza, mwalimu. Hii ya watu bado."

Ningeweza kuliacha jambo hilo likawa kumbukumbu ya familia, ya kusimuliana msibani. Lakini macho yake yalikuwa yanakufa. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika jicho la kulia kabisa, na la kushoto lilikuwa limebakiwa na mwanga tu. Kumbi alilitafuta kwa kupapasa, na rungu lilikuwa limemponda kidole gumba. Hospitali Lindi wangeweza kumwondolea; nilikuwa nimekwenda kuuliza, nikaambiwa jicho la kushoto lina nafasi kama halitacheleweshwa. Nauli nilikuwa nayo. Sikuwa na bibi wa kumpakia garini.

"Nitakwendaje?" aliniuliza. Hakusema kwa ubishi. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayeuliza njia.

"Kwa gari, bibi. Saa chache tu."

"Gari nalijua. Nauliza nitatokaje hapa. Nani kanitoa?"

Nilimgeukia Bibi wa Pwani anisaidie. Alikuwa anachambua usumba, kainama. Alisema, "Muache," kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake.

Siku iliyofuata nilipanda gari la Lindi, lakini sikuishia Lindi. Niliendelea kusini, nikashuka njia panda, nikapanda bodaboda mpaka Sudi. Nilikuwa nimejiandaa kutafuta kaburi na jamaa wa mbali. Nilimkuta wifi mwenyewe, mzima, amekaa juu ya mkeka akimenya muhogo, miguu imevimba mbele yake kama vitu vya mtu mwingine.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wa nani wewe?"

Nilimwambia. Kisu kilisimama.

"Nyie watu wa kilimani mna uso wa kuja kwangu?"

Nilisema nimekuja kuuliza, kwa heshima, kwa nini hawakwenda kumtoa wifi yao. Nadhani nilikuwa nimeipanga vizuri sentensi hiyo njiani. Alicheka kicheko kikavu.

"Hatukwenda? Tulikwenda, mimi na dada yangu, Mungu amrehemu. Tumebeba doti, tumebeba udi unafuka ndani ya chetezo. Yule mkubwa akatusimamia mlangoni, mikono imejaa usumba. Eti mgonjwa ana homa, rudini mwezi ukiandama. Tukarudi. Mara hiyo ya pili akasema kasafiri, yuko Kilwa. Mtu wa eda kasafiri Kilwa! Wewe uliyesoma, ungeelewaje?"

"Kwamba mmekataliwa."

"Ehee. Na kaka yetu mdogo alikuwa tayari kumuoa, nyumba amekwishaiezeka. Tukamwambia mwanamke kakukataa. Akaoa mwingine, ana wajukuu sasa." Alichukua muhogo, akauweka chini tena. "Alikuwa mcheshi, wifi yangu. Bado mcheshi?"

"Bado."

Alijikokota mpaka ndani kwa makalio, akakataa msaada wangu, akarudi na doti ya kanga ambayo bado ilikuwa na gundi ya dukani. "Ile ya siku ile niliivaa kwa hasira, ikachanika. Hii mwanangu kaniletea Idi. Mpelekee. Mwambie wifi yake kaja, ila miguu imebaki Sudi. Wewe uwe mkono wangu."

Njia nzima ya kurudi nilipima. Nikimweleza Bibi wa Uani ukweli, nitakuwa nimemwonyesha kwamba mlinzi wa jela yake ndiye aliyekula naye sahani moja maisha yote, na macho yake yakipona, kitu cha kwanza atakachokiona ni uso huo. Nisipomweleza, nitakuwa nimesimama mlangoni kama dada yake alivyosimama, na uongo wangu utaungana na wake. Nilitafuta njia ya tatu mpaka Mchinga. Nilipanda kilima sina.

Niliwakuta wakisokota. Dada upande wa jikoni, mdogo upande wa kisima, kamba imekaza katikati.

"Msafiri," alisema Bibi wa Uani, akiusikia mwendo wangu. "Umeniletea nini Lindi?"

"Sikutoka Lindi, bibi. Nimetoka Sudi."

Mikono ya Bibi wa Pwani ilisimama. Ya mdogo wake iliendelea kuzungusha, na kamba ikazidi kukaza.

"Sudi kuna nani?"

"Wifi yako. Yu hai. Anasema kaja, ila miguu imebaki kule." Niliiweka doti katika mkono wake wa kushoto. Aliipapasa, akainusa gundi, akacheka kidogo.

"Kasema nini kingine?"

Nilimtazama Bibi wa Pwani. Yeye alitazama kamba. Nilifungua kinywa, na hadi leo sijui ningesema lipi kati ya yale mawili, kwa sababu Bibi wa Uani alinitangulia.

"Kasema walikuja," alisema. "Dada. Mlango ule ulikuwa wa makuti, haukuwa wa chuma. Nilikuwa nimekaa nyuma yake. Nilisikia harufu ya udi."

Aliitupia doti begani, akazungusha ncha yake tena.

"Na mara ya pili ukanipeleka Kilwa. Kilwa sijafika hata leo. Umenisafirisha bila nauli, na mimi nimeshika mchi jikoni."

"Kamba zilikuwa nusu," alisema Bibi wa Pwani.

"Kamba zipi?"

"Za yule mvuvi. Alizitaka zote kwa pamoja, kabla mwezi haujaisha, la sivyo hachukui hata moja. Ungekwenda Sudi siku ile, ningezimaliza na nani? Tungekula nini? Nikasema wasubiri, zikiisha nitawaita mwenyewe." Aliibana ncha yake upya. "Zilipoisha nikaona haya. Nitawaambia nini? Nitakwambia nini wewe? Nikasema kesho. Kisha nikazoea."

"Ulinizoea mimi au ulizoea haya?"

"Vyote."

Mimi ndiye niliyeuliza, ingawa halikuwa swali langu. "Bibi, kwa nini hukusema?"

"Mtu wa eda hapayuki mbele ya wageni. Walipokwisha kuondoka nilitaka aniambie mwenyewe. Nikangoja. Kila asubuhi nilimpa nafasi, nilimuuliza bahari ikoje." Uso wake ulielekea kwa dada yake, ukakosea kidogo, ukamtazama mnazi. "Akasema ipo."

Nilifikiri juu ya asubuhi hizo zote. Nilikuwa nimezihesabu utotoni kama salamu.

Ndipo Bibi wa Pwani alipofanya jambo ambalo sikuwahi kuliona katika ua ule. Aliachia. Kamba iliruka kutoka mikononi mwake, ikajisokota hewani, ikaanguka na kujikunja miguuni mwa mdogo wake, ikawa fundo moja kubwa lisilofunguka. Bibi wa Uani alishtuka, akabaki ameshika ncha iliyolegea.

"Maji yamejaa," alisema dada yake. "Inuka twende. Nimekufungia mimi. Nitakuteremsha mimi."

"Wewe si wifi yangu."

"Huyu mtoto ana mkono wa wifi yako. Mimi nitashika mwingine."

Tuliteremka tukiwa tumemweka katikati. Njia aliyoipita dada yake maisha yote yeye aliipita kwa kupapasa kwa nyayo, akisimama kila palipobadilika: hapa mchanga, hapa mizizi ya mikoko, hapa tope. Kwenye mashimo ya makumbi, yaliyotiwa alama za vijiti, Bibi wa Pwani alimwambia, "Ruka," naye akaruka kama msichana, akacheka, akatukana tope. Nilimvua marekani. Tulimwogesha kwa mikono, mimi na dada yake, naye alitulia kama mtoto. Nilimwambia kwamba Jumatatu kuna gari la asubuhi la Lindi. Alisema, "Sawa. Dada akae na ufunguo," kisha akakumbuka kwamba nyumba yao haina ufunguo. Sijui kama jicho la kushoto litangoja mpaka Jumatatu. Nilipoisogeza mikono yangu usoni pake kumwosha, hakupepesa.

Tulimvika kanga ya wifi. Maji yalikuwa yamemfika magotini. Alisimama, mikono imenyooka mbele kidogo, akaugeuzageuza uso wake kama anayetafuta upande wa kutazama.

"Bahari ikoje leo, dada?"

Bibi wa Pwani alikuwa nyuma yake. Kinywa chake kilifunguka katika umbo la lile jibu lake la siku zote, kikajifunga.

"Umo ndani yake," alisema. "Kubwa. Ya kijani huku, kule mbele nyeusi. Kuna ndege mmoja."

"Na nguo yangu?"

"Inakwenda."

Ilikuwa kweli. Marekani ilikuwa imetandaa juu ya maji, ikisogea taratibu na mkondo, kama desturi inavyotaka.

"Inakwenda wapi? Ile nguo bado nzima! Mna wazimu? Ishike!"

Dada yake alitazama nguo, akanitazama mimi. Nilitaka kusema kwamba nguo ya eda hairudi nyumbani. Nadhani nilianza kusema. Bibi wa Pwani alikwishasogea mbele, maji yakimpanda kifuani, akainyakua kwa pindo, akarudi nayo ikimwagika.

"Utaivaa wewe," alisema Bibi wa Uani. "Nipe huku."

Alinyoosha mkono, akaupata upande mmoja. Dada yake alibaki na mwingine. Walirudi nyuma hatua chache, kila mmoja upande wake, nguo ikanyooka kati yao, na wakaanza kuikamua, huyu akizungusha kulia, huyu kushoto, mpaka ikakaza, na maji yenye rangi ya kutu yakadondoka baharini.

"Vuta, wewe," alisema Bibi wa Uani. "Au umelala?"